Kinyumenyume

Baba yangu, Walenty Skiba, hakuunda gari hata moja.
Aliulizwa sana, maana mtaa wetu wote wa Hamtramck
ulinuka mafuta ya mashine na kabichi iliyochacha,
naye akijibu: "Mimi ni mtu wa matangi."

Tangi humjia mkandani, bati jipya, lehemu ingali moto.
Huliziba midomo, hulijaza upepo, hulizamisha birikani,
kisha hutazama.
Maji yakinyamaza, lipite.
Kikipanda kiputo kimoja, kidogo kama punje ya mtama,
huchora msalaba wa chaki, hulisukumia kushoto.
Mia nne kwa zamu.
Mkanda haujui kwamba mtu naye ana tangi lake.

Jioni vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana,
vidole vya kikongwe kwenye mikono ya kijana,
na akituogesha alikuwa akiangalia maji, si sisi.

Mwaka wa ishirini na moja tukapata letu,
jeusi kama yote, mkono wa pili kutoka kwa muuza nyama.
Tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele;
mama alilikalia kama kuku anayeatamia.
Mshale wa kukuambia kilichobaki? Haukuwapo.
Mama ainuke, mto uinuliwe, kifuniko kifunguliwe,
baba atumbukize ufito, auchomoe, ausome upesi
kabla unyevu haujakauka.
"Inchi mbili." Mama aketi.
Maili kumi mbele, ainuke tena.
"Hata kanisani," alisema, "sisimamishwi hivi."

Ikaja telegramu: amu Zygmunt, mgodi, Pennsylvania.
Siku tatu njiani. Ya tatu, mlima.
Gari likapanda nusu, likakohoa, likazima.
Petroli ilikuwamo, ufito ulishuhudia,
ila hakukuwa na pampu; ilijishukia tu kama maji ya mfereji,
na pua ikiinuka, injini huwa juu ya tangi,
na maji hayapandi mlima.
Akapita mtu na nyumbu wake. Hakusimama.
"Geuzeni," alisema.

Basi tulifika mazikoni kinyumenyume,
matako ya gari yametangulia,
baba kapinda shingo, mama kashika kofia,
mimi nikitazama bonde likienda mbali
na moshi wa makaa, na njia tuliyokwisha kuipita.
Mtoto mmoja akacheka, akazabwa kofi.
Apolonia, mjane, alitutazama muda mrefu,
akafunika mdomo kwa leso, mabega yakamtikisika,
na hadi leo sijui
kama kilikuwa kilio.

Baadaye magari yakapata adabu.
Tangi likapelekwa nyuma, likapewa pampu,
mshale ukawekwa mbele ya macho yako,
na wanawake wakakaa kwenye viti vyao kama watu.
Baba alikufa akiwa hauamini ule mshale.
Ufito aliuacha nyuma ya mlango, pamoja na mwavuli.

Mwaka wa sabini na tatu, kwenye taa nyekundu,
Tadek, mtoto wa dada yangu, aligongwa kwa nyuma.
Gari dogo, rangi ya limau, jipya, la mkopo.
Hawakugonga kwa nguvu sana, alisema polisi,
kalamu yake ikizunguka vidoleni.
Tangi lilipasuka kwenye mshono.
Alisema "mshono" kama fundi wa nguo.
Nami nilitaka kumuuliza swali la kipumbavu:
siku ile, zamu ile,
nani alikuwa akitazama maji?

Nina miaka mingi sasa, na sinki lenye dirisha.
Naosha chupa ya kitukuu changu.
Naiziba kwa kidole gumba, naizamisha.
Maji yananyamaza.
Bado sitoi mkono.